Chupa ya maji safi iliyogeuka buluu: kisa cha tasnifu moja ya uzamili, Kisumu

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili katika usimamizi wa mazingira na uendelevu, kwenye chuo kikuu kimoja cha umma magharibi mwa Kenya. Mimi nilikuwa msimamizi wake wa pili. Hapa namwita Bi A. Ameyasoma maandishi haya na kukubali yatolewe. Majina ya chuo, maabara, mwajiri wake na kinamasi chenyewe nimeyaacha, na miaka pia. Nawaandikia wanafunzi wanaotaka kupima maji kwa ajili ya tasnifu, na zaidi nawaandikia wasimamizi wenzangu, kwa sababu kosa lililogharimu zaidi katika kisa hiki lilitoka kwenye kalamu yangu.

Usuli

Bi A. ni mtumishi wa umma mjini Kisumu na mama wa watoto wawili. Masomo ya darasani aliyamaliza kwa mwaka mmoja, jioni na Jumamosi, akijilipia karo. Alikuja na swali zuri, alilokua nalo tangu utotoni karibu na ziwa: je, kinamasi cha mafunjo kilicho kando ya mji bado kinachuja maji kabla hayajaingia ziwani?

Swali hilo si dogo. Ghuba ya Winam, iliyo mbele ya mji wa Kisumu, ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,400, ina kina kifupi, na inaungana na Ziwa Victoria kwa mlango mwembamba karibu na kisiwa cha Rusinga, kwa hiyo maji yake hayabadiliki upesi. Kinachoingia humo kutoka mito ya Nyando, Sondu na Kibos na vijito vya mjini hukaa: udongo, mbolea ya mashamba, maji taka. Nitrati na fosfati ndizo chakula cha gugu maji, na kila mvuvi wa Kisumu anajua gugu maji linafanya nini likiziba mwalo, mahali pa kutia mitumbwi. Mbawakavu wanaokula gugu hilo waliachiliwa upande wa Kenya mwaka 1997 na walisaidia sana, lakini gugu hurudi kila linapopata chakula. Mafunjo, ambayo wenyeji huyaita togo, husimama kati ya mto na ghuba. Hupunguza kasi ya maji, udongo ukatua, na mizizi ikanyonya sehemu ya virutubisho. Papo hapo ni riziki: watu huyakata kwa mikeka na vikapu, na kiangazi wengine huyachoma wakapanda nduma na mboga.

Pendekezo la kwanza la Bi A. lilikuwa na malengo matano: ubora wa maji, ndege, riziki za wakataji, sera, na mabadiliko ya tabianchi. Hiyo ni kazi ya watu watano. Tulimpunguzia hadi mawili, naye hakupinga: kupima nitrati na fosfati zinazoingia na zinazotoka, na kuwauliza wakataji wa mafunjo wameona mabadiliko gani.

Kalenda mbili

Tulipanga apime masika, Machi hadi Mei, kisha kiangazi. Haikuwa hivyo. Pendekezo lilikaa kwa msimamizi wa kwanza wiki sita na kwangu wiki tano. Idara ikataka litetewe upya kwa sababu kichwa kimebadilika. Likaenda kwenye kurugenzi ya masomo ya uzamili, likaenda kwenye kamati ya maadili ambayo hukutana kwa ratiba yake, ndipo akaomba leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, leseni ambayo kila mtafiti nchini anapaswa kuwa nayo. Leseni ilitoka mwisho wa Juni. Mvua ilikuwa imekwisha, na ngazi ya maji kijitoni ilikuwa imeshuka hadi magotini.

Mvua haingojei sahihi ya mtu. Ikabidi asubiri vuli, Oktoba. Leseni ni ya mwaka mmoja, na miezi mitatu yake ililiwa na kusubiri tu.

Mstari uliokatwa

Miezi hiyo ya kungoja tuliitumia kupanga bajeti. Maabara hutoza kwa kila sampuli na kwa kila kipimo. Bi A. alikuwa na vituo vitatu, cha kuingilia, cha katikati na cha kutokea, duru moja kila wiki. Kwenye orodha yake aliweka pia sampuli tupu mbili kwa kila duru.

Kwa msomaji asiyejua: sampuli tupu ni chupa ileile, iliyooshwa vilevile, iliyopelekwa kinamasini na kurudi kwenye kisanduku kilekile cha barafu, ila ndani yake mna maji yaliyokenekwa, yasiyo na kitu. Kazi yake ni kushitaki. Ikionyesha fosfati, fosfati hiyo haikutoka mtoni. Imetoka kwako.

Jumla ya bajeti ilimzidi uwezo. Akaniletea karatasi ofisini, akaniuliza, "Daktari, nipunguze wapi?" Nikachukua kalamu nikakata mstari wa sampuli tupu. Nilimwambia maabara ina vipimo vyake vya ndani, vitatosha. Vya maabara huonyesha kosa la maabara tu, havijui lolote kuhusu chupa zako. Nilijua hilo. Siku hiyo nilitazama jumla ya chini ya karatasi, sikutazama kazi ya mstari niliokuwa nakata.

Yaliyotokea vuli

Kazi ya nje aliifanya kwa uangalifu mkubwa. Niliandamana naye duru mbili. Aliondoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi kwa bodaboda, akiwa amekumbatia kisanduku, akapitia mwaloni kununua barafu kwa wauza samaki, na kufikia saa moja yuko kwenye mtumbwi. Alisisitiza kumaliza kabla ya saa nne. Mchana upepo hutoka ziwani na kusukuma maji ya ghuba kurudi ndani ya mafunjo. Ukichota kituo cha kutokea saa tisa, huenda unapima ziwa ukidhani unapima kinamasi. Hilo alifundishwa na kijana wa mtumbwi.

Mwendo wa maji aliupima kwa chungwa. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi. Walipima mita kumi kwa kamba ukingoni, kijana akaliachia chungwa juu, Bi A. akabonyeza saa, na mpwa wake akalidaka chini. Mara tano, kisha wastani. Unapunguza kidogo, tukatumia 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, halafu unazidisha kwa upana na kina. Kwa vifaa vya shilingi chache alipata namba ambayo wanafunzi wengi huikosa kabisa.

Wiki ya saba alipigiwa simu na fundi wa maabara, mzee aliyepima maji ya ghuba hiyo miaka mingi. Alimwambia, "Njoo uone mwenyewe." Bi A. akanipigia, nikaenda pia.

Kipimo cha fosfati hufanya kazi kwa rangi. Unatia vitendanishi, na kadiri fosfati ilivyo nyingi ndivyo maji yanavyogeuka buluu. Kwenye kishikio palikuwa na mirija minne. Mitatu ilikuwa sampuli za wiki hiyo, yote buluu iliyokoza, kituo cha kuingilia sawa na cha kutokea. Usawa huo ndio uliomtia mzee shaka. Bila kuombwa na mtu, alichukua chupa tupu ya Bi A., ile iliyokuwa imesafishwa tayari kwa duru inayofuata, akaijaza maji yaliyokenekwa, akayapima. Huo ndio ulikuwa mrija wa nne. Ulipaswa kuwa mweupe kama maji ya kunywa. Ulikuwa buluu.

Bi A. aliuinua mbele ya dirisha, akauangalia muda mrefu, akaurudisha polepole. Hakusema neno. Mimi nilikuwa nafikiria kalamu yangu.

Chanzo tulikipata jioni hiyohiyo. Chupa za duru ya kwanza zilikuwa mpya, zimelowekwa kwenye asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10 na kusuuzwa, kama inavyotakiwa. Kuanzia duru ya pili mpwa wake alikuwa akizipokea zikinuka tope, naye kwa nia njema kabisa akaziosha kwa sabuni ya unga. Sabuni ile ilikuwa na fosfati, nayo hushikamana na kuta za chupa hata ukisuuza. Hakuna aliyemwambia. Kijana alitaka chupa za shangazi yake ziwe safi.

Maamuzi na sababu zake

Duru sita za fosfati zilikuwa shakani, za pili hadi ya saba. Nitrati haikuguswa na sabuni, wala vipimo vya papo kwa papo vya oksijeni, pH na upitishaji umeme. Mbele yetu palikuwa na njia tatu.

Njia ya kwanza, aliyoielekea msimamizi wa kwanza, ilikuwa kutoa thamani ya chupa tupu kutoka kila sampuli na kuendelea. Inavutia, na ina sura ya kisayansi. Lakini inadai kwamba kila chupa ilibaki na kiasi kilekile cha sabuni. Tulikubaliana tusibishane kwa maneno. Fundi alijaza chupa kumi na mbili zilizooshwa kwa sabuni, akazipima zote, gharama tukagawana. Zilitawanyika vibaya: nyingine karibu na sifuri, nyingine juu kuliko mto wenyewe. Huwezi kutoa namba usiyoijua. Msimamizi wa kwanza alitazama karatasi ile akasema, "Basi, hiyo njia imekufa," na nilimheshimu kwa hilo.

Njia ya pili ilikuwa kuiacha fosfati kabisa na kuandika juu ya nitrati peke yake. Angemaliza mwaka uleule. Bi A. aliikataa. Alisema swali lake lilikuwa juu ya gugu maji, na hawezi kwenda kuwaambia watu wa mwaloni kwamba ameacha nusu ya chakula chake.

Tukafuata ya tatu: kuzifuta duru sita, kumalizia vuli kwa chupa safi, kupima kiangazi cha Januari na Februari, kisha kuongeza masika. Maana yake ilikuwa muhula mmoja zaidi wa karo, kuhuisha leseni, na kufanya kazi Jumamosi tu kwa sababu likizo yake kazini ilikuwa imekwisha. Sampuli tupu zikarudi kwenye bajeti. Ili zilipike, kituo cha katikati kikaondolewa.

Uamuzi mmoja zaidi ulikuwa wake peke yake, nao ndio ninaousifu kuliko yote. Duru zilizofutwa ziliingia kwenye tasnifu. Aliweka jedwali la chupa kumi na mbili, akaeleza sabuni, akaeleza kwa nini namba hazirekebishiki. Baadhi ya wenzangu walimshauri anyamaze, eti anawapa watahini fimbo.

Mama wa mikeka

Lengo la pili sote tulilichukulia kama nyongeza. Mahojiano aliyafanya Januari, kwa Dholuo, na watu wanaokata na kusuka. Hojaji tuliyompitishia iliuliza wanakata kiasi gani, wanauza wapi, wameona nini kikibadilika.

Mama mmoja mzee alijibu yote akiendelea kusuka, halafu akamuuliza yeye kwa nini anachota maji pale anapochota. Bi A. akaeleza kwamba anataka kujua mafunjo yanasafisha maji ya mvua kiasi gani. Mama akacheka. "Nyathina," akamwambia, mwanangu, "maji ya mvua hayaingii humu siku hizi. Yanapita kule." Akanyoosha kidole upande wa mashamba.

Walikwenda pamoja. Palikuwa na mtaro uliochimbwa na wakulima kukausha vitalu vyao, umefunikwa na majani, hauonekani ukiwa kwenye mtumbwi. Kiangazi ulikuwa mkavu, ila alama za tope ukingoni zilionyesha maji hufika kiunoni. Mwaka mzima tulikuwa tumechora ramani ya kinamasi bila mlango wake mkubwa. Mtaro ukawa kituo kipya cha tatu, baada ya Bi A. kurudi kwa kamati ya mwalo na wenye vitalu kuomba ruhusa.

Masika na matokeo

Masika ya mwaka huo ilikuja kwa nguvu. Jumamosi mbili za Aprili njia ya kufika mwaloni ilikuwa chini ya maji, na kijana wa mtumbwi alisema viboko wamesogea hadi kwenye bustani. Bi A. alitaka kwenda. Nilimkatalia, na sijuti: hakuna sampuli inayolingana na maisha ya watu watatu. Lakini wiki hizo mbili ndizo zilizokuwa na maji mengi kuliko zote, na hazipo kwenye data.

Alichopata kilikuwa wazi vya kutosha. Kiangazi maji hupita polepole ndani ya mafunjo na kutoka na nitrati na fosfati kidogo kuliko yalivyoingia. Mvua ikinyesha, sehemu kubwa hukata kupitia mtaroni na kufika ghubani karibu kama ilivyotoka mashambani.

Mtahini wa nje alifungua tasnifu kwenye lile jedwali na kuuliza maswali yake mengi hapo. Bi A. alijibu bila kutafuta maneno, kwa sababu hakuwa na la kuficha. Alipita kwa masahihisho madogo. Alitumia miaka minne badala ya miwili.

Uchambuzi

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyoipa kazi hii thamani. Wanafunzi wengi huripoti ukolezi peke yake, miligramu kwa lita, kisha wanashangaa mto unaonekana safi zaidi wakati wa mvua. Chukua mfano wa namba za kubuni. Kiangazi kijito kina fosforasi miligramu 0.3 kwa lita na hupitisha lita 50 kwa sekunde. Hizo ni kama kilo 1.3 kwa siku. Wakati wa mvua ukolezi unashuka hadi 0.2, lakini maji ni lita 500 kwa sekunde. Hizo ni zaidi ya kilo 8.6 kwa siku. Ziwa halijali ukolezi wako, linapokea kilo. Bila lile chungwa, Bi A. angeandika kwamba mvua inasafisha maji, na angekuwa amesema kinyume cha ukweli kwa namba sahihi.

Kuhusu sampuli tupu, sina la kujitetea. Gharama yake kwa vuli nzima ilikuwa ndogo kuliko karo ya muhula mmoja alioongeza. Mahali pa kupunguza palikuwa idadi ya vituo, kama tulivyofanya baadaye tukiwa tumeumia. Siku hizi mwanafunzi akiniletea bajeti naanza kwa kuuliza chupa zinaoshwa na nani, kwa kitu gani, wapi. Maelekezo ya kuosha chupa yalikuwa kwenye sura ya tatu ya pendekezo, kwa Kiingereza safi, na aliyekuwa akiziosha hakuwahi kuiona sura hiyo. Karatasi moja ya Kiswahili au Dholuo iliyobandikwa juu ya karai ingetosha.

Tuliokolewa na fundi aliyefanya jambo ambalo halikuwa kwenye ankara. Hilo lilifaulu, lakini lilikuwa bahati, na mpango haujengwi juu ya wema wa mtu. Kilichofaulu kwa kupangwa ni saa za asubuhi, kipimo cha mwendo wa maji, na kufuta data bila kujidanganya.

Kwa kalenda, hesabu kwa kurudi nyuma. Ukitaka masika, unahitaji kuwa mtoni Februari ili upate hali ya kabla ya mvua. Leseni iwe mkononi Januari. Kamati ya maadili iwe imekwisha kuamua kabla ya Krismasi. Basi pendekezo litetewe Septemba, na msimamizi alirudishe na maoni ndani ya wiki mbili. Wiki kumi na moja ambazo mimi na mwenzangu tulizikalia zilimnyima Bi A. masika yake ya kwanza, naye hakuwa na namna ya kutudai. Idara yetu sasa huandika tarehe ya kupokea na tarehe ya kurudisha kwenye jalada la kila pendekezo. Ni jambo dogo na linauma, kwa sababu kila mtu analiona.

Mahojiano tuliyaweka mwisho kwa mazoea: kwanza vipimo, kisha watu. Yangefanyika kwanza, mtaro ungejulikana kabla ya chupa ya kwanza kujazwa, na vituo vingechaguliwa na mtu aliyeishi pale miaka sitini. Bi A. alirudi kwa yule mama baada ya mahafali, akampelekea ramani yenye mtaro umechorwa kwa wino mwekundu. Mama akaigeuza akaitazama, akamwonyesha mtaro wa pili.

Huo haujapimwa. Zile wiki mbili za Aprili nazo bado ni nafasi tupu kwenye grafu. Chupa ziko kabatini mwangu, zimelowekwa kwa asidi na kufungwa, na mwanafunzi mpya ameomba aanze Februari.